Kama Mtakatifu Elizabeti

Tereza alizamisha bakuli ndani ya gunia alilokatazwa hata kulisogelea, akachota pumba za mahindi zinazonukia sukari guru. Mate yalimjaa kinywani. Hakuonja hata chembe. Alikuwa amefunga kwa ajili ya watoto wa Ng'washi.

Mwaka ule nzige walikuwa wamekomba mashamba yote ya Pasiansi, na Ng'washi, mjane wa jirani, alikuwa akiwachemshia wanawe wanne mizizi. Na huku kwa Mayala gunia zima limelala! Mayala, mumewe Tereza, alikuwa mnyapara wa vibarua wa Bwana Shamba. Alisema ni mali ya serikali, basi. Mkono wa birika yule: juzi alimpiga kuku jiwe kwa kutaka kudonoa chembe mbili.

Jumapili katekista alikuwa amewasimulia habari za Mtakatifu Elizabeti, aliyewapelekea maskini mikate kwa siri. Alipobanwa njiani afunue joho lake, mikate ikaonekana maua. Tereza alilia kanisani. Na mimi je, nangoja nini? alijiuliza.

Alimimina pumba kapuni, akazifunika, akatoka. Njiani akakutana uso kwa uso na Mayala.

"Umebeba nini, Mama Getruda?"

"Mboga, Baba Getruda," alijibu.

Mayala alilitazama kapu, akanyoosha mkono alifunue. Mara kibarua wake mmoja akamwita, akageuka akaenda zake. Muujiza! Tereza alifanya ishara ya msalaba.

Kwa Ng'washi uji ulipikwa palepale. Watoto waligombania mwiko. "Mtamu, mama!" Ng'washi alipiga magoti, akamshika Tereza miguu. Tangu azaliwe, Tereza hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Aliporudi nyumbani, Mayala alikuwa amesimama mbele ya gunia. Tereza aliinua kichwa. Kupigwa kwa ajili ya maskini ni heshima.

"Nimechota mimi," alisema. "Nimewapa watoto wa Ng'washi. Na umechelewa, wamekwisha kula mpaka wameramba chungu."

Mayala hakuinua mkono. Alikaa chini vumbini.

"Nilikuficha kilichomo, watu wasije wakaniita mchawi," alisema. "Hizo pumba tumezitia sumu ya kuulia nzige."