Chatu Aliyekataa Panya

Nungunungu alimlea Chatu tangu alipoanguliwa. Chatu huyo hakula kitu ila vyura, na bwawa lilipokauka, vyura wote wakahama. Nungunungu akamletea panya mnono.

"Mimi sili uchafu huo, mama!" alisema Chatu, mbavu zimemtoka kwa njaa.

Nungunungu akaona mwanawe atamfia. Akakimbia bwawani, akamgaagaza yule panya katika tope lililobaki, walimokuwa wakilala vyura, akarudi mbio.

Chatu akatoa ulimi, akanusa. Papo hapo akachupa, akammeza panya mzima!

"Sijapata kula chura mtamu kama huyu!" akashangilia.

"Mwanangu, huyo ni panya! Nimempaka tope la vyura tu!" Nungunungu akarukaruka kwa furaha.

Chatu akasema, "Basi kesho usimpake. Tope linaharibu utamu."