Pimbi na Alichokijua Mungu

Zamani, wanyama walipokuwa wakibishana habari za Mungu, Pimbi alikuwa hatulii hata kidogo. Siku moto ulipopanda kilimani, rafiki yake Kobe alikuwa amepinduka chali kwenye nyasi kavu, akiita.

"Mungu anajua tangu mwanzo kama nitamwokoa au nitakimbia," Pimbi alimwambia Kakakuona, aliyejikunja pangoni. "Sasa mimi nimebakiwa na uamuzi gani?"

"Kwani amekuambia anachokijua?" Kakakuona akauliza.

"Hajaniambia hata neno."

Pimbi akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Moshi ukamwingia puani.

"Pimbi, mwenzangu, naungua!" Kobe akapiga kelele.

Hapo Pimbi akachomoka mbio, akamsukuma kwa kichwa na kumbiringisha mpaka pangoni.

"Kumbe hili ndilo alilolijua!" akasema akihema, moyo ukianza kumtulia.

"Ndilo," Kobe akajibu, akiutazama mguu wake uliobabuka. "Na alijua pia kwamba utachelewa. Lakini aliyechelewa ni wewe."