Roli Isiyoshika Wino

Kaka alipitisha kidole gumba juu ya chupa, na jina la dawa likatoka lote. Akamwinulia dada yake kile kidole cheusi.

"Haya, fundi. Nieleze."

Damu ilimchemka Fundi. Lebo zilikuwa kazi ya mikono yake. Mashine ya kuzichapa ilikuwa yake tangu baba yao alipomkalisha mbele yake na kumfundisha kwamba filamu za plastiki hufanana machoni, lakini kidole hakidanganyiki. Ile iliyopakwa utando hunywa wino na kuushika. Ile tupu, ya kufungia maboksi, wino hukaa juu yake tu, ukisubiri mkono wenye jasho uufute. Kwa hiyo lowesha kidole kwa ulimi, gusa roli. Kikinata, chapa. Kikiteleza, rudisha rafuni. Hakuwahi kupandisha roli bila kuigusa hivyo, hata asubuhi ile ya kwanza baada ya kumzika baba, alipofanya kazi huku machozi yakimtoka.

Na sasa mwenye dawa ya homa amerudisha mzigo wake kwa mara ya pili. Maduka yameukataa, nani atanunua chupa isiyo na jina? Kaka alisema mteja huyo ndiye anayewaweka mjini, akiondoka wafunge milango. Akasema na mengine, mbele ya mkewe: kwamba baba alimdekeza binti yake, kwamba hilo jina la fundi limempanda kichwani. Mzigo mwingine ukifutika, Fundi ataiacha mashine. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, amesomea kazi hiyo na yuko nyumbani hana la kufanya.

"Roli nilizigusa zote," alisema Fundi. "Kuna mtu anazibadilisha nikitoka kula."

"Nani, majini?"

Mama yao alikuwa kwenye kiti chake dirishani, akibandua mabaki ya lebo ili karatasi ya nyuma iuzwe. Tangu msiba alikuwa akija kila siku kuondoa upweke, na kila mtu alimwacha na mabaki yake. Hakupenda ugomvi wa watoto. Aliuliza jambo moja tu.

"Hizo chupa zimerudi zote?"

"Zote, mama," alijibu Kaka. "Hasara tupu."

"Hata moja haikuuzwa?"

"Hata moja."

Mama akashusha pumzi, akaendelea kubandua.

Fundi alimtazama wifi yake, ambaye muda wote huo alikuwa ameinamia simu mezani kwake. Alidhani ameona kona ya mdomo wake ikicheza. Kumbe, akajisemea. Kumbe ni wewe. Mtu unakula naye sahani moja, unambebea mtoto mgongoni, naye anakuchimbia shimo ili mdogo wake apate pa kukaa. Kaka alipotoka, alimwendea mpaka pale mezani.

"Wifi, ukiitaka mashine, iombe. Usinivizie."

Wifi alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Akasema hizo roli zenyewe hajui ipi ni ipi, kwake zote nyeupe. Fundi hakumwamini.

Siku ya kuchapa mzigo mpya alipandisha roli mbele ya macho ya kila mtu. Akalowesha kidole, akagusa. Kikanata vizuri. Saa ya chakula akatangaza kwa sauti kwamba anaenda kula, akafunga mlango kwa kishindo, kisha akazunguka uani na kuingilia mlango wa mizigo. Alijibanza nyuma ya rafu, mkono tayari kumshika wifi na kumburuta hadi kwa mumewe. Maneno ya kumwambia alikwisha kuyapanga, na hayakuwa ya kusemwa mbele ya watu wazima.

Haikupita muda kandambili zikaburuzwa sakafuni. Kati ya maboksi Fundi aliona mikono miwili tu. Iliishusha roli kwenye mashine polepole, ikachukua nyingine rafuni. Mkono mmoja ukapanda mdomoni. Kidole kikarudi kimelowa, kikagusa filamu, kikateleza.

Fundi akachomoka na maneno yake yote, akauona uso.

"Mama?"

Mama hakushtuka. Aliiweka roli mahali pake, akaibana, akaipitisha filamu kwenye vichwa vya wino kama mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi kando ya mumewe. Ndipo akageuka.

"Kaka yako nilimwambia," alisema. "Akanijibu kazi yetu ni lebo, kilichomo ndani ya chupa si chetu. Daktari aliinusa hiyo dawa ya homa mara moja tu, akasema ni maji ya sukari."

"Daktari gani, mama? Chupa gani?"

"Ya baba yako, niliyompelekea daktari wa hospitali baada ya mazishi. Homa ile iliyomuua ilipomkamata, nilimwambia twende hospitali. Akakataa. Alikunywa ile chupa mpaka tone la mwisho, akafungua nyingine. Akanionyesha lebo, akaniambia, mama watoto, usiwe na wasiwasi, dawa hii naijua, lebo hii ameichapa binti yangu."

Mlango wa mbele ukagongwa na sauti ya kaka yake Fundi ikauliza kama mzigo uko tayari. Fundi akalowesha kidole, akakigusisha kwenye roli. Kikateleza.

Akawasha mashine.