King'ora Chenye Sauti ya Mama

Jameni, hamtaamini kilichotokea hapa kijijini Kulesa, kando ya mto, sasa hivi!

Nimetengeneza king'ora cha mafuriko. Mto ukipanda, kinapiga wimbo ambao marehemu mama alikuwa akituitia kutoka shambani. Ndani kuna kristali, kale kachuma kanakoipa chipu mwendo. Programu inataka ya kasi ya megahazi kumi na sita. Mimi nikajaribu ya nane.

Kila kitu kikaenda nusu mwendo. Wimbo ukatoka polepole, mzito, kama mama mwenyewe amechoka na jua.

Dada yangu Dinah akaacha sufuria, povu likimdondoka vidoleni. "We! Huyo ni mama. Usiguse hapo!"

"Dada, hiki ni king'ora. Ukikisikia unafaa kukimbia. Mbona umesimama?"

"Kelele zako. Piga tena."

Nikapiga. Akakaa chini kabisa, macho amefumba, anatabasamu. Nyuma ya migomba, maji yameanza kupanda.

Chuma cha solda, cha kuchomelea, kimeshapata moto. Kristali ya kumi na sita, ya kuharakisha wimbo, iko kiganjani, ndogo kama mbegu ya tikiti.

Ungekuwa wewe, ungebadilisha?