Goti la Mke wa Seremala

Jumatatu kilivimba kifundo cha mkono. Jumatano mkono ukapoa, kiwiko kikashika zamu. Ijumaa goti likajaa, homa ikapanda, na fundi cherehani aliyezoea kukanyaga mashine kutwa nzima akabebwa mgongoni na mumewe hadi hospitali.

"Baridi yabisi hiyo," majirani walikuwa wamesema, wakamchua kwa dawa mpaka ngozi ikababuka.

Mumewe, seremala, hakuamini hivyo. Alikuwa ameviona vipele vinne vyenye usaha, viwili kiganjani mwa mkewe, viwili kwenye unyayo. Mficha maradhi kifo humuumbua, alijua. Ila kilichokuwa kinabisha hodi hakikumtaka yeye, kilimtaka mkewe, na aibu ilimla mzima mzima.

Kila daktari alipoingia wodini, mkewe alimtuma: "Baba watoto, hebu kaniletee maji ya moto." Naye alitoka mbio, akishukuru kimoyomoyo kuyakwepa maswali. Mwoga mkubwa!

Siku ya tatu alimfuata daktari ofisini, akayatapika yote. Alikwenda kuezeka mapaa mji wa mbali, akateleza mara moja tu. Aliporudi, mkojo ukamuunguza. Alichomwa sindano, akaambiwa amlete na mkewe. Hakumleta.

Daktari hakushtuka. "Ni kisonono kilichoingia kwenye damu, kikatua kwenye viungo. Sindano za mshipa tumemwanzishia tangu juzi. Goti litapona. Na wewe utachomwa upya leo hii."

Seremala alistaajabu. Daktari huyu ana jicho kali kweli!

"Basi mwambie wewe, daktari," akaomba.

"Mimi tena? Ya nyumbani kwenu semeni wenyewe."

Akaenda, akapiga magoti kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Mama watoto, nilitoka nje ya ndoa, nikapata kisonono. Nilitibiwa kwa siri. Nikaambiwa nikulete, nikaona haya. Mimi ndiye niliyekulaza hapa. Nisamehe."

Mkewe alilia mpaka shuka ikalowa. Alipopata pumzi akauliza, "Ilikuwa mwezi gani?"

"Wa tano."

Akageukia ukutani.

"Mimi nilichomwa sindano hiyo mwezi wa pili," akasema. "Na mimi niliambiwa nikulete."