Kabla ya Magharibi

Uchungu ulimshika Mwanakombo siku ambayo mji mzima uliiogopa. Siku kama hiyo daraja lilikatika, mto ukameza harusi nzima. Siku kama hiyo, miaka mingi baadaye, soko liliteketea. Na siku kama hiyo mama mkwe wake, Bi Shufaa, alimzaa kifungua mimba wake, ambaye hakuiona jioni.

"Jikaze, mwanangu," Bi Shufaa alimsihi huku akimfuta jasho. "Jua likizama, siku imegeuka. Azaliwe hapo."

Mwanakombo akajikaza. Aliuma kanga, akabana mapaja, akikikodolea macho kipande cha jua ukutani ambacho kilikataa kusogea. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia. Mkunga aliweka sikio tumboni, akakawia kuliinua.

"Moyo wake unafifia," akasema. "Ukimzuia mpaka magharibi, utazaa maiti."

"Na nikimzaa sasa?"

Mkunga akamtandikia kitambaa safi.

Mwanakombo akaitupa kanga kando. "Nisamehe, mama," akasema, akasukuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Mtoto wa kike akatoka, akalia.

Bi Shufaa hakumtazama. Aliinuka, akafunga dirisha, akavua mtandio wake na kuuziba nao mwanya wa mlango, mpaka chumba kikawa giza totoro.

"Haya, jua limezama," akasema, akinyoosha mikono gizani. "Nipeni mjukuu wangu."