Majani Matupu

Kidonge cha asubuhi kilikwisha nguvu, na mkono wa Bi Nargisi, mchora hina, ukaanza kutetemeka. Kila mstari uliopotoka aliugeuza jani.

"Bi Nargisi, mbona majani matupu?" bibi harusi akauliza. "Maua yangu yako wapi?"

Bi Nargisi akakiweka kijiti chini. Akatoa mkobani kopo la vidonge vya maumivu, akampa shangazi wa bibi harusi, muuguzi.

"Mgongo ulipona zamani. Hivi vimenishinda kuviacha. Nipeleke hospitali."

"Twende sasa hivi," shangazi akasema, akijitanda buibui.

Bibi harusi akaokota kijiti, akamchora Bi Nargisi kiganjani ua moja, limepinda. Bi Nargisi akatoka nalo, kiganja wazi, likauke njiani.